Kuachia Usukani: Uzee na Udereva katika Pwani ya Kusini

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imeweka umri wa kuanza kuendesha gari lakini haikuweka umri wa kuacha. Kijana wa Ukunda hapati leseni ya gari dogo kabla ya kutimiza miaka 18, ilhali mzee wa miaka 85 anaweza kuendelea kuifanya upya leseni yake, ya mwaka mmoja au ya miaka 3, maadamu amelipa ada inayotakiwa. Ni kweli kwamba sheria humtaka mwombaji wa leseni atangaze kama ana maradhi au ulemavu unaoweza kuufanya udereva wake uwe hatari kwa wengine, lakini tangazo hilo hulitoa mwenyewe, na maradhi mengi ya uzeeni huja polepole mno hata anayeugua akawa wa mwisho kuyatambua. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuacha kuendesha, ambao katika nchi kadhaa hugawanywa baina ya daktari, ofisi ya leseni na dereva mwenyewe, katika Kaunti ya Kwale umeachiwa nyumba: mzee, mkewe, watoto wake na nduguze, watu ambao mara nyingi hawajapata kuelezwa na yeyote namna ya kuufikia.

Nyumba nyingi hujikuta katika mojawapo ya njia mbili, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kunyamaza mpaka ajali itokee, na ya pili ni kumnyang'anya mzee funguo siku moja, ghafla, kwa maneno ya ukali au kwa hila. Njia hizi zinafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba katika zote hakuna aliyeuliza mapema jinsi mzee atakavyofika sokoni, msikitini, kanisani, shambani na hospitalini baada ya kuacha kuendesha. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ndilo la kwanza, na kwamba swali la siku ya kuacha haliwezi kupata jibu la haki kabla lile la safari halijajibiwa. Mzee aliyehakikishiwa safari zake huachia usukani bila ya ugomvi mkubwa, na asiyehakikishiwa hung'ang'ania, tena kwa sababu za msingi.

Wengi wa wanaoguswa na jambo hili leo waliingia kazini katika miaka ya 1970 na 1980, wakati hoteli za ufuo wa Diani zilipokuwa zikiongezeka na kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokufa mwaka 1988, kilipokuwa bado kinahitaji madereva wa malori na matrekta. Kwa kizazi hicho udereva ulikuwa cheo. Dereva alijulikana kijiji kizima, ndiye aliyeamshwa usiku mwanamke aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, ndiye aliyebeba maiti kutoka hospitali na mahari kwenda ukweni, na baada ya miaka 40 ya kazi hiyo jina lake na gari lake vilikuwa vimekwisha kuwa kitu kimoja machoni pa watu. Kando yao wapo walimu, wauguzi na makarani waliostaafu wakiwa na miaka 60 na kununua gari kwa fedha za kustaafu. Wanawake wa umri huo wanaoendesha ni wachache, jambo ambalo lina uzito wake, kwa kuwa mzee anapoacha kuendesha, wanaopoteza usafiri huwa ni wawili, yeye na mkewe, na huyu wa pili haulizwi.

Barabara zenyewe zimebadilika kuliko watu wanavyokumbuka. Barabara kuu ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, inayopita Waa, Kombani, Tiwi, Ukunda, Gazi na Ramisi mpaka kwenye mpaka wa Tanzania, kwa sehemu kubwa ina njia moja tu kwa kila upande, na juu ya lami hiyo moja wanakutana malori ya mizigo, mabasi ya Tanga, matatu zinazogombea abiria, tuktuk, bodaboda, baiskeli na watoto wa shule wanaotembea ukingoni. Penye njia panda ya Ukunda dereva hulazimika kuangalia pande tatu au nne kwa wakati mmoja, kwani bodaboda hupita kushoto kwa gari linalotaka kukata kushoto, na mtu asiyeweza kugeuza shingo vizuri hawezi kuiona mpaka imegusa mlango. Kutoka Kombani kupanda Kwale mjini, upande wa Shimba Hills, asubuhi nyingine huwa na ukungu. Barabara ya Dongo Kundu imewaepushia wengi foleni ya feri ya Likoni, lakini ni barabara ya mwendo wa kasi, yenye malori yanayohusiana na bandari, na mzee aliyezoea kwenda taratibu huko huonekana kizuizi.

Yapo pia mambo ya jua ambayo wenyeji huyazoea hata wasiyahesabu. Barabara inayotoka Ukunda kwenda Diani huelekea mashariki, kwa hiyo anayeipita asubuhi mapema hulikabili jua linalochomoza, na anayerudi Ukunda jioni hulikabili linalotua. Kijana hufumba jicho nusu, akashusha kile kikinga jua cha ndani ya gari na kuendelea. Kwa mzee mwenye lenzi zilizoanza kufifia, mwanga huo hutawanyika ndani ya jicho na kuifunika barabara yote kwa weupe, na katika sekunde hizo anaendesha kwa kumbukumbu wala si kwa macho.

Hapa inafaa kueleza jicho kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloanza kudhoofika na ndilo linaloweza kutibiwa zaidi. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, yaani uwezo wa kubadilika umbo ili kuona karibu na mbali, na ndiyo maana watu huanza kusogeza gazeti mbali. Mboni nayo hupungua upana na lenzi hugeuka rangi ya manjano kidogo kidogo, kiasi kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Mzee anayeona vizuri kabisa adhuhuri anaweza kuwa karibu na kipofu saa mbili usiku, hasa anapokutana na gari lililowasha taa kali, kwa kuwa macho yake huchukua muda mrefu zaidi kurudia hali yake baada ya kumulikwa. Muda huo ni wa sekunde chache tu, lakini gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na tuktuk isiyo na taa ya nyuma iko mahali fulani ndani ya mita hizo.

Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoota ndani ya lenzi, huongeza shida hiyo. Habari njema ni kwamba upasuaji wake ni mfupi na matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba madereva wazee waliofanyiwa upasuaji huo walipata ajali kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao ambao hawakufanyiwa. Ugonjwa wa presha ya macho, unaoitwa pia glakoma, ni wa hila zaidi kwa kuwa huanza kuiba uwezo wa kuona pembeni huku mbele kukibaki kweupe, na mgonjwa hudhani mtoto aliyekatiza barabara ametokea ghafla ilhali alikuwa amesimama pale pembeni muda wote. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi, ila kinaweza kuzuiwa kisiendelee. Wakazi wa Kwale wana bahati ambayo kaunti nyingi hazina, kwani Kwale Eye Centre, kituo cha macho kilichoanza katika miaka ya 1990, kimekuwa kikipima na kupasua macho ya watu wa vijijini kwa miongo mitatu. Kabla ya jamaa yeyote kumwambia mzee aache kuendesha, ni wajibu ampeleke kwanza akapimwe, kwa sababu pengine kinachohitajika ni miwani mipya au upasuaji.

Macho yakishaangaliwa, yafuate mambo mengine ya mwili. Kisukari cha muda mrefu huleta ganzi miguuni, na mguu wenye ganzi haujui umekanyaga breki au mafuta, wala kwa nguvu kiasi gani. Vilevile sindano ya insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari vinaweza kuishusha sukari ghafla, hasa mzee akiendesha kabla hajala. Baridi yabisi ya shingo na mabega humzuia kugeuka wakati wa kurudi nyuma. Zipo dawa zinazoleta usingizi ambazo hununuliwa dukani bila ya kuuliza, kama zile za mzio na mafua za aina ya Piriton, na zipo za usingizi zenyewe ambazo athari yake huweza kuendelea hadi asubuhi ya pili. Mzee anayemeza dawa nne au tano kwa siku hana budi kumwuliza mfamasia au daktari swali moja rahisi: je, naweza kuendesha gari nikishameza hizi?

La akili ndilo gumu kuliko yote. Kusahau mahali ulipoweka miwani ni jambo la kawaida la umri, na hakumzuii mtu kuendesha. Dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, upimaji wa mambo na uwezo wa kufanya maamuzi, ni jambo jingine kabisa. Mwenye dimenshia husahau miwani ni ya nini. Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba unaharibu kile kile ambacho mtu angekitumia kujihukumu, kwa hiyo mzee mwenye dimenshia anaweza kusema kwa unyofu kamili kwamba anaendesha kama zamani.

Pamoja na hayo yote, umri peke yake si hukumu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na nchini Kenya, ambako barabara huua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, mwendo wa kasi, ulevi na kupita magari mengine mahali pasipofaa si tabia zinazojulikana kuwa za wazee. Wazee wengi hujirekebisha wenyewe: huacha kutoka usiku, hupunguza mwendo, hungoja mvua ipite. Kinachowaweka hatarini zaidi ni udhaifu wa mwili, kwani mbavu na nyonga za mtu wa miaka 78 huvunjika kwa mgongano ambao kijana angetoka nao akiwa na michubuko. Kwa hiyo anayemzuia mzee asiendeshe vibaya anamkinga mzee mwenyewe kwanza.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Uingereza leseni ya kawaida hufika kikomo mtu akitimiza miaka 70, na baada ya hapo huifanya upya kila baada ya miaka 3 kwa kueleza hali ya afya na macho yake. Umaarufu haumkingi mtu na uzee: Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham, na mwezi uliofuata akairudisha leseni yake kwa hiari. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, dereva wa miaka 87 katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo alimuua mama na binti yake mdogo, na katika mwaka huo wote Wajapani takriban laki 6 walirudisha leseni zao. Japani ina mengi ya kuigwa katika hili, kwa kuwa mzee anayerudisha leseni anaweza kuomba hati ya heshima inayoshuhudia miaka yake ya udereva, hutumia hati hiyo kama kitambulisho, na katika miji mingi hupunguziwa nauli za basi au teksi. Heshima na nauli vimewekwa pamoja, na anayeijua Kwale ataona mara moja kwamba mambo hayo mawili ndiyo yanayokosekana hapa.

Dalili za kwamba wakati unakaribia huonekana kwanza kwenye gari lenyewe. Anayetaka kujua na alizunguke gari polepole mchana: mikwaruzo mipya upande wa kushoto wa bampa, rangi ya nguzo ya geti iliyobaki mlangoni, kioo cha pembeni kilichokunjwa na kurudishwa, rimu iliyopinda kwa kupanda ukingo. Kisha akae kiti cha mbele kwa safari moja ya kawaida, bila ya kusema neno, atazame. Je, mzee hupita juu ya matuta ya barabara ya Diani kana kwamba hakuyaona, au hushika breki tuta likiwa tayari chini ya tairi? Nyani na mbega wakikatiza barabara, humchukua muda gani kuitikia? Huacha indiketa ikiwaka kutoka Tiwi hadi Ukunda? Wengine humpigia honi, naye akashangaa wanampigia nani? Amewahi kupitiliza njia ya kwao aliyoizoea miaka 30, akajikuta Msambweni? Dalili moja ikitokea mara moja si hoja, lakini zikija tatu kwa pamoja, tena ndani ya miezi michache, mazungumzo hayafai kusubiri Idi ijayo. Swali ambalo huwaamsha wengi ni hili: je, mama wa watoto angewapakia wajukuu gari hilo kwenda chuoni, babu akiwa peke yake kwenye usukani?

Nani aseme? Pwani ya Kusini hili si swali dogo. Mkwe hawezi kulianza, na kijana wa mwisho akilisema huonekana hana adabu hata kama maneno yake ni ya kweli. Miongoni mwa Wadigo, ambao kwa asili walifuata ukoo wa mama kabla sheria ya Kiislamu ya mirathi haijashika nguvu, kauli ya mjomba na ya ndugu wa tumbo moja ina uzito ambao ya mtoto haina. Rafiki wa rika lake, hasa dereva mwenzake aliyekwisha kuacha, ni bora kuliko wote, kwa kuwa haji kumtawala. Daktari au muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni naye anaweza kuwapunguzia watoto mzigo, kwa sababu mzee atakubali kutoka kwa mtaalamu neno ambalo kutoka kwa mwanawe angeliona ni dharau.

Namna ya kusema nayo ina maana. Maneno kama "Baba, wewe sasa umezeeka" hufunga mlango papo hapo. Afadhali lisemwe jambo moja lililoonekana, na lifuatwe na ombi dogo: "Baba, jana pale Kombani yule wa bodaboda alitupita karibu sana nami nikaogopa. Ukirudi kutoka kwa Mjomba usiku, nipigie nije nikuchukue." Ombi hilo halimtaki aache, linampa safari ya kwanza isiyotegemea usukani wake, na akishaizoea, ya pili huwa rahisi.

Wala isisahauliwe hofu ambayo wazee wa hapa hawaitamki. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wapo wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi za aina hiyo kumeonekana ugomvi wa ardhi. Mzee anayezijua habari hizo halaumiki akishuku kwamba leo wanataka funguo na kesho watataka hati ya shamba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, inampa kila mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zake na Serikali. Kumzuia mtu kuendesha huku akiachwa akae barazani siku nzima bila ya njia ya kutoka kunagongana na ibara hiyo, hata kama nia ni njema. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa mwaka 2016, nyingi zikiwa za Marekani, zilionyesha kwamba walioacha kuendesha walikuwa na uwezekano wa karibu mara 2 wa kupata dalili za sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu inayomwondolea mtu hamu ya kula, ya kuongea na ya kutoka.

Njia iliyo bora ni mzee mwenyewe kuyapanga mapema, akili zake zikiwa timamu, kama apangavyo wasia. Akiwa na miaka 65 au 70, bado ana nguvu, anaweza kuwaita watoto na nduguze akasema mbele yao kwamba fulani akimwambia imetosha, atakubali, na akataja pia masharti yake: nani atampeleka Ijumaa, nani atamlipia safari za kliniki, gari litakuwa la nani. Marekani familia nyingine huyaandika makubaliano ya namna hii na kuyatia sahihi. Hapa kauli iliyotolewa mbele ya mashahidi inatosha, na manufaa yake makubwa huonekana kama baadaye dimenshia itaingia, kwa kuwa familia haitakuwa ikimlazimisha mgonjwa bali ikitimiza alichokisema mzima.

Baada ya hapo kuacha kunaweza kwenda kwa hatua. Usiku ndio wa kwanza kuachwa, pamoja na safari za alfajiri. Mzee aliyezoea kuendesha kwenda msikitini kabla ya mapambazuko anaweza kupitiwa na jirani anayekwenda huko huko, au akatembea na wajukuu ikiwa msikiti uko karibu. Kisha ziachwe safari za Mombasa, kwa sababu ya msongamano wa Likoni na mteremko wa kuingilia kwenye feri, ambao maji yakitoka huwa mrefu zaidi na hutaka mguu mwepesi wa breki. Kisha barabara kuu yenyewe, abaki na njia za ndani anazozijua, mchana, kusipokuwa na mvua. Gari la gea za otomatiki humpunguzia kazi mwenye goti bovu la klachi, ingawa kubadili gari akiwa na miaka 80 huleta makosa mapya, hivyo likibadilishwa libadilishwe mapema.

Sasa lile swali la kwanza: atasafiri vipi? Bodaboda ndiyo iliyo karibu na kila mlango, lakini ndiyo isiyomfaa, kwani kuanguka kidogo tu ambako kijana angejipangusa vumbi kunaweza kumvunja mzee nyonga, na nyonga iliyovunjika uzeeni mara nyingi huwa ndio mwanzo wa kulala kitandani. Matatu ni rahisi kwa bei, ila ngazi yake ni ya juu, utingo ana haraka na gari huondoka kabla abiria hajakaa. Matatu zikichukuliwa saa nne asubuhi au saa nane mchana, nje ya saa za msongamano, na mjukuu akiwa pamoja naye, zinavumilika. Kwenye feri ya Likoni abiria wa miguu hawalipi chochote, lakini umbali wa kutembea kwenye jua na msukumano wa jioni vinataka mzee avuke katikati ya siku.

Tuktuk ndiyo jibu la nyumba nyingi za Ukunda, Diani na Msambweni. Sakafu yake iko chini, mzee huingia bila ya kuinua mguu sana, huwekwa mlangoni pake, na mwendo wake si wa kutisha. Kinachofanya kazi vizuri ni kumpata dereva mmoja, mtu mzima anayejulikana na asiyekunywa, akapewa ratiba ya wiki nzima na kulipwa kwa mwezi. Mtoto aliyeko Nairobi, Doha au Muscat anaweza kumlipa dereva huyo moja kwa moja kwa M-Pesa, ili mzee asilazimike kuomba nauli kwa kila safari. Jambo hilo la mwisho si dogo. Mtu aliyewabeba wengine maisha yake yote anaona aibu kuomba shilingi 100 ya kwenda kumtazama mgonjwa, na asipopewa njia ya kutoomba, atarudi kwenye gari lake.

Hesabu ni nyingine kabisa kwa mzee ambaye usukani ndio mkate wake. Dereva wa tuktuk au wa matatu mwenye miaka 68, asiye na pensheni, hawezi kushauriwa aache kwa faida ya afya yake, kwani atakula nini? Mpango wa Serikali wa Inua Jamii humpa mtu wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazifiki wiki moja ya matumizi ya nyumba ya kawaida. Kwa huyu, njia pekee ya heshima ni kugeuza kazi kabla hajashindwa: kumkabidhi kijana chombo kwa hesabu ya kila siku na yeye abaki mwenye chombo, kusimamia steji, au kufundisha. Vyama vya akiba vya wenye matatu na tuktuk vingeweza kuweka akiba maalumu ya wanachama wao wazee, na abiria nao wana haki ya kudai kwamba dereva wa umri huo anayebeba roho 14 apimwe macho kila mwaka.

Ikiwa dimenshia imekwisha kuingia na mzee hasikii tena hoja, familia italazimika kuliondoa gari machoni pake, kwa mfano kulipeleka kwa ndugu wa mbali, kwa kuwa gari lililoegeshwa uani humwita kila asubuhi. Hilo lifanywe baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa, na safari zake ziendelee siku ile ile, pasipite hata wiki moja ya kukaa ndani.

Gari lenyewe huzua ugomvi ambao watu huusahau mpaka uwafike. Mwana mmoja akilichukua kwa ahadi ya kumwendesha baba, kisha akaanza kulitumia kwa biashara zake, mzee huwa amepoteza mara mbili, na ndugu wengine hunung'unika. Likibaki nyumbani, ijulikane kwa wote kwamba Ijumaa, siku za kliniki na siku za misiba ni la mzee kabla ya mtu mwingine. Likiuzwa, fedha ziwekwe kwa jina lake kwa ajili ya nauli. Wengi wakijumlisha bima, mafuta, tairi, fundi na vipuri vya gari linalotoka mara mbili kwa wiki, hugundua kwamba kiasi hicho kingemlipa dereva wa tuktuk mwezi mzima, na mzee akikaa akaifanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu yake, mara nyingi huwa wa kwanza kutaja bei ya kuliuza.